Kiapo cha Fundi Yasini

Baba yangu Yasini hajui kusema uongo mdogo. Mteja akileta cherehani iliyochoka, fundi mwingine yeyote wa hapa mtaa wa La Rochelle, Johannesburg, atamzungusha wiki mbili akimwambia kipuri kinakuja kesho. Baba atafungua kifuniko, achungulie dakika moja, kisha aseme, "Mama, hii imekufa. Kaizike." Tumepoteza wateja wengi kwa mdomo wake huo. Mimi nashona sare za shule katika duka hilohilo, mashine zake upande wa kushoto na vitambaa vyangu kulia, na nimegombana naye mpaka nimechoka. "Baba, watu hawataki ukweli wa namna hiyo asubuhi asubuhi," namwambia. Hujibu kwamba yeye alifundishwa kazi kwenye ndege, na kwenye ndege fundi anayebembeleza watu huua watu.

Kweli alikuwa fundi wa ndege, katika jeshi la Tanzania, zamani za ujana wake. Johannesburg alikuja mwaka tisini na saba pamoja na mama yangu Nusaiba na mimi, akaajiriwa kutengeneza mashine kwenye kiwanda cha nguo mjini, na kiwanda kilipofungwa akafungua duka. Sasa ana miaka sabini na moja. Miwani yake imefungwa kwa uzi wa overloki, ile mashine ya kupinda kingo za nguo, na bado hakubali mtu mwingine ashike bisibisi zake. Gaudiose, mama wa Kirundi aliyepanga chumba chetu cha nyuma, humwita Mzee wa Ndege, naye hujifanya kukasirika huku anafurahi.

Si yeye aliyenizaa, na hilo halijawahi kuwa siri nyumbani kwetu. Aliyenizaa ni Abdulrahman, rubani wa jeshi, aliyepotea baharini na ndege yake mwaka sabini na tisa, wakati wa vita vya Kagera, mimi nikiwa tumboni. Vita vilikuwa bara kabisa, upande wa ziwa. Yeye alitumwa kupeleka vipuri Tanga, akapita juu ya bahari, asifike. Nasikia hilo ndilo lililomuudhi bibi yangu kuliko yote, kwamba mwanawe alikuwa askari wa vita, akapotea upande usiokuwa na vita wala adui wa kulaumiwa.

Hadithi yenyewe nimekua nayo. Mama aliisimulia kila mwaka siku ya khitma ya marehemu, tukishamaliza kusoma na kabla ya kupakua chakula. Ndege ilipopotea, jeshi lilitoa boti ya kutafuta, na Yasini akapandishwa humo kwa sababu alikuwa fundi, angeweza kutambua kipande cha ndege hata kikiwa kidogo. Walizunguka siku sita kati ya Tanga na Pemba. Waliporudi, wakubwa wa jeshi walisema hawakupata kitu.

Mama alikuwa na miaka ishirini. Mwanamke ambaye mumewe amepotea bila hakika hana pa kukaa: si mke, si mjane. Hakai eda, kwa sababu eda ni ya aliyefiwa. Haolewi. Hata kulia kwa sauti anakatazwa, kwa kuwa ni kumwombea mtu kifo. Sheikh wa mtaa wao Tanga alisema lazima asubiri mpaka ipatikane hakika, na alipoulizwa kusubiri mpaka lini, hakutaja mwaka. Bibi yangu, mama yake Abdulrahman, alifurahi. Jina lake Bi Tumu, na huyo mwanawe alikuwa wa pekee. Alikataza matanga, akawa anaacha mlango wa mbele bila komeo, akasema mwanawe hajafa mpaka aonekane.

Ndipo Yasini alipofika, miezi mitatu baadaye, akiwa na magwanda yake. Alimwambia sheikh kwamba wakubwa hawakutangaza, lakini yeye alimwona Abdulrahman siku ya nne, akielea, akamtambua kwa uso. Walimfikia kwa upondo, wimbi likamchukua, hawakumwona tena. Aliletewa msahafu akaapa. Kwa ajili ya vita, sheikh akakubali ushahidi wa mtu mmoja. Bi Tumu alimuuliza swali moja tu. "Alikuwa amefumba macho?"

"Amefumba, mama."

Bi Tumu akasema alhamdulillahi, akaenda kuweka komeo mlangoni, akalala. Siku ya tisa akafa. Wiki mbili baadaye nikazaliwa mimi, wakanipa jina lake, na nilipozaliwa mama akawa amemaliza eda yake, maana eda ya mjamzito huishia kwenye kujifungua. Mwaka uliofuata Yasini akamposa. "Bibi yako alipata faraja ndipo akaondoka," mama alikuwa akimalizia hivyo kila mwaka. "Wangapi wanaondoka bila hiyo?" Nasi tulikuwa tukiitikia, kisha pilau inaletwa. Baba hukaa karibu na mlango siku hiyo, na chakula chake humpa mtu mwingine. Tulidhani anafunga.

Mwaka huu zamu yao ya kwenda hija ilifika. Hapa unajiandikisha na kusubiri, na wao walikuwa wamesubiri miaka tisa. Mama aliposikia alikaa chini sakafuni, mtu mzima na magoti yake mabovu, akalia mpaka kanga ikalowa. Baba alisema "Alhamdulillahi" akarudi kwenye mashine. Wiki ile nilimsikia akimwambia mteja, kuhusu cherehani iliyokwisha kabisa, "Itapona tu, mama, njoo Alhamisi." Nikaacha mkasi. Nilijua hapo hapo kwamba baba yangu anaumwa.

Kwenye fomu za safari kulikuwa na mstari wa mahram, yaani mwanamume wa halali anayesafiri na mwanamke. Nilitaka kuandika jina lake mbele ya jina la mama. Alinishika mkono.

"Acha kwanza hapo, Tumu."

"Niache nini? Wewe si mumewe?"

"Nipeleke kwa maulana mmoja. Si wa kwetu. Muhindi."

Nilielewa kwa nini si wa kwetu. Ukimwambia jambo sheikh wa Kitanzania hapa mjini baada ya Alasiri, Magharibi linajadiliwa mtaa wa pili, Bellevue. Sikuelewa kwa nini ananihitaji mimi, mpaka tulipoketi mbele ya yule maulana, kijana mwenye ndevu nyembamba na sauti ya upole. Kiingereza cha baba ni cha sindano, mkanda na moto wa injini. Kwa jambo la dini alitaka mkalimani, na mkalimani anayemwamini ni mmoja tu.

Nilitafsiri sentensi nne za baba kabla sijasikia ninachosema: Niliapa kwa msahafu kwamba nimemwona mtu amekufa. Sikumwona. Mke wake akawa mjane kwa kiapo changu. Mimi nikamwoa. Ya tano ilikuwa ya Bi Tumu, nikaikatisha. Maulana alinisogezea glasi ya maji, nikanywa, nikaendelea, kwa sababu baba alikuwa ameinamisha kichwa akisubiri, na mimi sijawahi kumwacha mteja njiani.

Maulana alifikiri sana. Alisema miaka arobaini na sita imepita, na baada ya muda kama huo hakuna atakayesema yule rubani yu hai. Ndoa isitiliwe shaka, na waende hija yao. Kwa kiapo cha uongo atubu na atoe kafara. "Lakini kuna haki za watu," alisema, nami nikatafsiri. "Hizo Mungu hazifuti mpaka wenyewe wasamehe. Aende kwa kila aliyemdhulumu kabla hajaondoka."

Baba akauliza, "Na aliyekufa je?"

"Aombe kwa warithi wake."

Nilitafsiri hilo pia. Bi Tumu alikuwa na mtoto mmoja, na mtoto huyo alikuwa na mtoto mmoja, na alikuwa ameketi pale akiwa na glasi tupu mkononi. Baba alinitazama. Nikamwambia, "Tumalize kwa mama kwanza."

Niliendesha gari kurudi nyumbani. Kwenye robot ya mwisho, yaani taa za barabarani, kabla ya mtaa wetu aliniambia, "Kijani hiyo, mwanangu," nikagundua magari ya nyuma yananipigia honi.

Alimwambia mama Jumapili asubuhi. Kanisa la Wakongo la ng'ambo ya barabara lilikuwa limeshafungulia spika zake, na mama alikuwa mezani jikoni anachagua mchele, mimi nikiosha vyombo.

"Mama Tumu, nina neno."

"Sema, nakusikia."

"Weka mchele kwanza."

Alimwambia akiwa amesimama, mikono ubavuni, kama wanavyoripoti jeshini. Hakujitetea. Mama hakupiga kelele. Vidole vyake viliendelea kutenga mchele na mawe hata pasipokuwa na mawe tena.

"Hukumwona," alisema.

"Sikumwona."

"Hata nguo?"

"Hata kipande cha bati. Siku sita, Nusaiba. Maji matupu."

"Ndege ile uliikagua wewe?"

"Hapana! Wallahi si mimi, nilikuwa zamu nyingine."

"Usiniapie tena, Yasini."

Maisha yangu yote nimemsikia akimwita Baba Tumu. Siku hiyo ndipo nilipomsikia akimtaja jina, na baba alirudi nyuma hatua moja mpaka akagusa friji.

"Ulinitaka tangu lini?" mama akauliza.

Nilitaka kutoka. Baba akasema, "Tangu harusi yenu. Niliona haya, nikajitenga, sikukanyaga kwenu mpaka siku ile. Nilipokuja nikakukuta umekaa pale uani na tumbo lako, si mke si mjane, na kila mlango ukilia unainuka. Nikaona huruma. Huruma ilikuwepo, Nusaiba, Mungu anajua. Lakini haikuwa peke yake."

"Na Bi Tumu alipokuuliza kuhusu macho?"

"Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilisema kile nilichoona anakitaka."

Mama aliinuka, akaingia chumbani akafunga mlango. Alikaa humo siku tatu, akitoka kwa udhu tu. Sanduku la safari, lililokuwa limeshapangwa, tulilikuta limetolewa nje tupu. Gaudiose alileta ugali na maharage akauliza, "Mama anagonjwa nini?" Nikasema presha. Katika nyumba yetu kila kitu kibaya ni presha. Aliweka sahani mlangoni, akapiga goti palepale koridoni, akamwombea Kikristo kwa sauti, na baba akaitikia amina kila aliposimama kupumua.

Siku ya nne mama akatoka, amejifunga kilemba. Baba alikuwa anafunga viatu aende dukani.

"Langu nimekusamehe," alimwambia. "Usidhani ni kwa sababu ni dogo. Nimekaa nikajiuliza, bila kiapo chako ningekuwa wapi? Ningekuwa nimezeekea kwenye chumba kile cha uani, nikisikiliza mlango. Umenilea na mwanangu umemlea. Nachukia kwamba nashukuru, lakini nashukuru." Alivuta pumzi. "La Bi Tumu si langu kulitoa."

Akanitazama mimi. Baba naye akanitazama.

"Bado," nikasema. Ndilo neno pekee lililokuja.

Nitasema wazi nilivyokuwa. Nilikuwa na hasira na mtu ambaye sijui kumkasirikia. Huyu ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, ndiye aliyelala kwenye benchi la hospitali siku nne nilipojifungua mwanangu wa kwanza, ndiye aliyeshika mkono wangu mume wangu alipoondoka. Na huyuhuyu alimwendea kikongwe mwenye tumaini moja duniani akamnyang'anya, ili apate mke. Jeshi halikumnyang'anya, bahari haikumnyang'anya. Kikongwe yule angeweza kufa akisubiri, najua. Lakini kusubiri kulikuwa kwake. Mimi ninalo jina lake, na angekuwa hai wiki mbili zaidi angenishika mikononi.

Kisha nikawaza upande wa pili, na huko ndiko kulikoniumiza zaidi. Kila kitu nilichonacho kimetoka kwenye kiapo kile. Baba, duka, nyumba hii, wanangu wanaojibizana naye kwa Kizulu wakijua haelewi nusu. Nikiulizwa leo, kwa haki, kama ningependa aseme ukweli siku ile na Bi Tumu aendelee kuacha mlango wazi, sithubutu kusema ndiyo. Nilikuwa namlaumu mwizi huku nimevaa nguo aliyoiba. Kwa miaka hii yote sikuwahi hata siku moja kumlilia Abdulrahman. Sikumhitaji, kwa sababu nilikuwa na Yasini.

Kila asubuhi alipoinua shata la duka aliuliza bila kunitazama, "Tumu, bado?"

"Bado, Baba."

"Haya." Kisha anawasha redio.

Alikonda. Suruali ikawa inakusanyika kiunoni. Aliniambia mara moja tu kwamba kama sitaweza, hatakwenda. Mama ataungana na kundi la wanawake wa msikitini, na yeye atabaki na mashine zake. Hakusema kwa kunitishia. Kwake ilikuwa hesabu ya fundi: skrubu ikikosekana moja, ndege hairuki.

Jumamosi kabla ya safari tulifanya dua ya kuwaaga. Watu wetu wote walikuja. Bakiri wa Tanga alikuja na familia nzima kutoka Soweto, akafunga spaza yake, kile kiduka chake cha mtaani, siku ya mauzo. Wanawake walijaa jikoni na koridoni, wanaume sebuleni, viatu vikafika mpaka getini. Baada ya dua, kama desturi, msafiri wa hija husimama na kuwaomba watu radhi. Kwa kawaida ni jambo la haraka. Mtu anasema maneno yaleyale, watu wanajibu yaleyale, na macho yameshaelekea kwenye masinia.

Baba alisimama. Kanzu mpya ilimning'inia. "Ndugu zangu," alisema, "nimekaa nanyi miaka mingi. Kama kuna niliyemkosea, kwa neno au kwa kitendo, anayejua na asiyejua, naomba anisamehe kwa ajili ya Mungu."

"Tumekusamehe, Mzee, na wewe utusamehe," watu wakajibu kwa pamoja. Bakiri akaongeza kwamba yeye anasamehe hata lile overloki aliloambiwa akalizike, na watu wakacheka.

Baba hakukaa. Watu walianza kujisogeza kwa ajili ya chakula, mmoja akamvuta kanzu kwa utani, "Keti basi, Mzee, tumeshasamehe." Hakukaa. Alikuwa ananitazama juu ya vichwa vyao, mimi nikiwa mlangoni mwa jikoni na sinia mikononi. Vicheko vikafa kimoja kimoja mpaka sebule yote ikageuka kunitazama, na hakuna aliyejua kwa nini.

Nilijitafuta ndani. Nilitafuta kwa haraka, kama mtu anayepapasa mfuko akiwa mlangoni. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na huruma tu, nyingi, na kumpenda, na wazo kwamba akibaki hapa atakufa kabla mama hajarudi. Msamaha wa Bi Tumu sikuuona popote.

"Nimekusamehe, Baba," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kwa ajili yangu, na kwa ajili ya Bi Tumu."

"Amina," watu wakaitikia, bila kujua Bi Tumu ni nani. Baba akaketi pale pale aliposimama, akafunika uso, mabega yakamcheza. Kisha akajifuta akaomba pilau, akala sahani mbili. Mama alikuwa nyuma yangu. Alinipokea lile sinia taratibu, akanitazama kwa muda, akapita nalo kwa wageni bila kuniuliza kitu.

Jumatatu waliondoka. Sijafungua duka vizuri tangu siku hiyo. Nakaa upande wa vitambaa, naangalia bisibisi zake zilivyopangwa, na sare za watu zinachelewa.

Jana mchana alinipigia kutoka Makka. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya kijana. Alisema mama ameshinda wanawake wote kwa kutembea, magoti yake hayamsumbui kabisa. Alisema yeye amelala usingizi ambao hajaulala miaka arobaini na sita.

"Alhamdulillahi, Baba," nikamwambia.

Nyuma yake nilisikia watu wengi wakipita.

"Tumu, mwanangu. Kesho tunaelekea Arafa. Lile neno la siku ile, ulilitoa moyoni? Hukulisema kwa ajili ya watu?"

"Moyoni, Baba."

"Wallahi?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya meza ya mashine, nikaubana kwenye chuma.

"Wallahi, Baba," nikasema.